Dawa ya Vumbi

Asubuhi ile nilimwambia wifi yangu neno baya kabla hata sijanawa uso. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa amelia tangu saa nane za usiku, na mimi nalala chumba cha pili, ukuta mmoja, tena wenyewe wa mbao. Nilipotoka uani nikamkuta amekaa kwenye kigoda, mtoto kifuani, macho mekundu.

"Vumbi lako hili, wifi," akaniambia. "Limemwingia mtoto kifuani. Hebu sikiliza anavyokoroma. Unamwaga maji barabara nzima ya watu, ya hapa mlangoni inakauka kabla hujafika kona."

"Vumbi langu? Kwani nimelizaa mimi?"

"Si wewe ndiye Mvua?"

Mvua ni jina langu la kazini. Naendesha boza, lile lori la tangi linalopita kwenye barabara ya udongo likimwaga maji ili vumbi lilale. Napita polepole, bomba la nyuma lenye matundu linanyunyiza, watu wanafungua madirisha, wanashukuru Mungu. Nusu saa baadaye jua limekausha kila kitu, lori la kokoto limepita, na madirisha yamefungwa tena. Ni kutwanga maji kwenye kinu, lakini tusipotwanga watu wanakohoa mpaka wanatapika.

Siku nyingine ningecheka. Mimi na wifi tumezoea kurushiana maneno. Kaka yangu alipomwoa, nilimwambia mbele ya wageni kwamba amekuja kula jasho letu, naye akanijibu kwamba jasho lenyewe linanuka dizeli. Tumeishi hivyo miaka mitatu bila kinyongo. Lakini usiku ule sikuwa nimelala, na mimi nisipolala ni nyoka. Nikamwambia, "Basi ipo siku nitamtilia kitu huyo anyamaze, sote tulale."

Hakucheka. Alimfunika mtoto shuka, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nikachukua maji yaliyobaki kwenye sufuria, nikanawa uso, nikavaa. Nilijua nimekosea. Ulimi hauna mfupa, ila mimi wangu hauna hata breki. Nikasema nitamwomba radhi jioni, nikiwa nimepoa.

Kwa ajili ya ugomvi huo nilichelewa kufika karakana. Mkutano wa asubuhi, ambapo msimamizi hupanga nani anakwenda wapi, ulikuwa umekwisha na wenzangu wameshaondoka. Boza langu lilikuwa kwenye nafasi yake, tangi limejaa. Hilo halikunishangaza, maana mtunza stoo huwa ananijazia jioni. Nikawasha nikatoka.

Sasa kuna jambo ambalo madereva wote wa boza hulifanya na msimamizi hujifanya haoni. Maji yetu yanatoka kisimani, ni matamu kuliko ya bombani, na mtaani kwetu bomba lenyewe hutoka mara mbili kwa wiki likijisikia. Kwa hiyo tripu ya kwanza, kabla ya kumwaga hata tone barabarani, dereva hupitia kwake akakinga. Tunayaita maji ya dereva. Saa moja na nusu nilisimama nje ya nyumba yetu, nikafungua koki ya nyuma, nikajaza madumu mawili, nikayapanga mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa na sikubisha. Nilipiga honi mara moja, ile ya kusema maji yapo, nikaondoka. Moyoni nilijisifu kwamba nusu ya radhi nimeshaomba.

Wifi hana maziwa ya kutosha. Tangu mtoto alipotimiza miezi miwili ananyonya chupa, maziwa ya kopo, na ya kopo hukorogwa kwa maji. Maji ya nyumba ile ni hayo ninayoyaleta mimi. Nilijua yote hayo nikiwa naondoka, na sikuwaza lolote.

Kazi niliianzia mbali, kilomita nane kutoka nyumbani, karibu na machimbo ya kokoto ambako malori yameisaga barabara ikawa unga. Nikamwaga kwenda, nikamwaga kurudi. Saa nne na kitu nikageuza gari nianze upande wa pili, nikaona kitu kigeni. Mahali nilipomwaga saa mbili palikuwa bado peusi. Jua lilikuwa linachoma, malori manne yalikuwa yamepita juu yake, na hapakuwa na vumbi. Udongo umetulia kama sakafu iliyopigwa deki.

Nilifurahi kwanza. Mjinga mimi. Nikasema leo Mvua kanyesha kweli. Nikashuka, nikainama, nikagusa. Udongo ulinata vidoleni, una utelezi. Nina kidonda kidogo kwenye kidole gumba, nilikatwa na waya juzi, na kidonda kikaanza kuwaka. Nikajilamba midomo kwa kiu, maana manyunyu hupeperushwa na upepo yakaingia dirishani. Midomo ilikuwa michungu. Chumvi yenye uchungu, kama ulimi uliolamba betri ya redio.

Nikampigia mtunza stoo.

"Tangi langu lina nini?"

"Lina dawa, dada Mvua. Hukuambiwa mkutanoni?"

"Dawa gani?"

"Ya vumbi. Ile ya magunia, inayofanya barabara isikauke. Tulisema Jumatatu, lakini wakaguzi wanakuja leo, msimamizi akasema tusisubiri. Nimekoroga jana jioni magunia kumi na mawili, mpaka mgongo unaniuma. Halafu nikakuandikia ubavuni kwa chaki, herufi kubwa hivi."

Nilizunguka upande wa abiria, simu sikioni. Gari la kuzuia vumbi ndilo gari chafu kuliko yote mjini, hilo kila mtu anajua. Nilipangusa tangi kwa mkono wa shati. Chini ya vumbi chaki ilikuwepo, imefifia, lakini ilisomeka. DAWA. MAJI HAYA HAYANYWEKI.

Nikamuuliza kwenye gunia pameandikwa nini.

"Ngoja nivae miwani."

Nilimsikia akitafuta miwani. Akasogeza kiti, akafungua droo, akafunga droo. Mwisho akasoma, polepole, kama anasoma tangazo la harusi. "Isimezwe. Huunguza kinywa na tumbo. Iwekwe mbali na watoto."

"Na mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga hawajaandika. Nani atampa mtoto mchanga kitu kama hiki?"

Nilikata simu bila kumjibu. Nikampigia wifi. Simu ikaita mara mbili, ikakatwa. Nikapiga tena, nikaambiwa haipatikani. Nikaandika ujumbe, nikaufuta mara tatu, nikaandika tena: maji yale asinywe mtoto, yana sumu. Ujumbe haukufika. Nikampigia kaka. Kaka ni mwashi. Simu yake hukaa kwenye koti, na koti hukaa kwenye msumari mpaka saa saba. Iliita mpaka ikachoka.

Nikapanda garini. Naomba mnielewe nilivyoogopa. Mimi si mwoga. Nimewahi kulala chini ya lori bovu porini peke yangu. Lakini siku ile miguu ilikuwa inacheza juu ya krachi, nikazima gari mara mbili kama mtu anayejifunza kuendesha.

Mtoto hunywa chupa saa tatu, halafu saa sita. Saa ilikuwa nne na nusu. Nikajiambia, huenda wifi ametumia maji ya sufuria, yaliyobaki jana. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ya sufuria niliyanawia uso. Nikajiambia atayachemsha. Kisha nikajijibu mwenyewe, kwa sauti, ndani ya gari: chumvi haichemki ikaisha, maji ndiyo hupungua, yenyewe inabaki. Kila nilipopata tumaini nililinyonga mwenyewe.

Tangi lilikuwa nusu. Dereva yeyote wa boza atakwambia tangi nusu ni baya kuliko tangi tele, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbia huku na huku. Ukikata kona kwa kasi yanakusukuma. Mwenzetu mmoja alilala nalo ubavuni mwaka juzi, akatolewa kwa shoka. Nilifika kona ya kwanza nikahisi mgongo wa gari unaondoka kwenda kivyake. Nikakanyaga breki, nikashuka, nikafungua vali kubwa ya chini, nikaacha dawa yote imwagike. Ilitoka kwa kishindo, ikafanya dimbwi katikati ya barabara, wakaguzi waje waogelee. Nilisimama pale nikisubiri liishe. Sijui dakika ngapi, ninachojua nilikuwa nahesabu mafunda. Kwa kila dakika nilikuwa namwona anavuta chupa, mashavu yanaingia ndani, macho amefumba vile afanyavyo.

Boza tupu linakimbia. Nililikimbiza. Kilomita mbili mbele nikakuta lori la kokoto.

Sehemu ile sikuwa nimeimwagia. Lori lilikuwa linainua vumbi jeupe, zito, refu kuliko nyumba. Nikaingia ndani yake, dunia ikapotea. Sikuona lori, sikuona ukingo, sikuona hata pua ya gari langu. Niliwasha taa, vumbi likazidi kuwa jeupe. Kupita sikuweza, maana upande wa pili malori tupu yanarudi machimboni, nayo hayaoni kama mimi nisivyoona. Nikapiga honi, nikaishikilia. Dereva wa lori akatoa mkono dirishani, nikauona mara moja vumbi lilipopasuka, akanipungia. Alidhani Mvua anamsalimia! Nilimtukana matusi ambayo sijui niliyajifunzia wapi, halafu nikaanza kulia, halafu nikakohoa, maana mdomo ulikuwa wazi.

Mara mbili nilijaribu kupita. Mara ya pili taa mbili zikatokea mbele yangu kwenye ule weupe, karibu kabisa, nikarudi nyuma ya lori huku kioo cha pembeni kikivunjika. Kitu kilichonipita sikukiona, niliusikia upepo wake tu. Baada ya hapo sikujaribu tena. Nilijua nikifa hapo hakuna mtu mwingine duniani, ukimtoa mtunza stoo mwenye miwani yake, anayejua kuna nini ndani ya madumu yale. Nikaenda mwendo wa konokono, mikono imekufa ganzi kwenye usukani, nikimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa.

Lori lilikata kulia kwenye njia panda ya mizani. Kutoka hapo ni kilomita moja na nusu mpaka kwetu. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, sikuzima injini, nikaruka.

Dumu moja lilikuwa limelala ubavu, tupu, na udongo chini yake una baka kubwa jeusi. La pili halikuwepo. Katikati ya ua ilikuwepo chupa ya mtoto. Ilikuwa imetupwa, chuchu upande huu, kifuniko upande ule, maziwa yameingia ardhini na kuacha utando mweupe. Dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limeshushwa. Hapakuwa na kilio. Mtoto aliyelia usiku kucha mpaka nikamchukia, sasa hakuwa na sauti hata kidogo, na mimi nilisimama pale nikiomba alie.

Nikagonga mlango kwa mikono miwili.

"Wifi! Fungua! Mtoto yuko wapi?"

Kitu kizito kikaburutwa ndani, meza au kitanda, kikagota mlangoni.

"Wifi, nakuomba. Mtoto amekunywa?"

"Ndicho ulichokuja kuangalia?" Sauti yake ilitoka chini, kama amekaa sakafuni nyuma ya mlango. "Kama amemaliza?"

Sikuwa nimewaza hilo. Njia nzima, kilomita zote nane, nilikuwa naogopa maji, na sikuwaza hata mara moja kwamba yeye ananiogopa mimi.

"Si hivyo," nikasema. "Si hivyo hata kidogo. Ni dawa ya barabara, waliikoroga jana, mimi sikujua. Niambie amekunywa au hajanywa."

"Uliniambia utamtilia kitu."

"Nilikuwa na hasira!"

"Nami ndiyo nakwambia, ulikuwa na hasira. Halafu ukaleta maji. Hukubisha hodi, hukusalimu. Uliweka ukapiga honi ukakimbia. Mimi huwa naonja kwanza. Kila chupa, tone moja kwa ulimi, nione isiwe ya moto. Ulimi wangu umewaka, wifi. Nikajua ni wewe. Simu yako ilipoita nikaizima, nilidhani unataka kusikia kama analia."

"Kwa hiyo hajanywa?"

"Hajanywa."

"Mbona simsikii?"

"Amelia tangu saa tatu kwa njaa mpaka amelala. Sina maji ya kumpa. La pili nimelificha, kaka yako akija aonje mwenyewe."

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Nilicheka, aibu yangu, nilicheka huku machozi yanaingia mdomoni na vumbi, mpaka yeye ndani akaniambia ninyamaze nitamwamsha. Nikamweleza yote: mkutano nilioukosa, chaki, magunia kumi na mawili. Nilimwambia ampigie mtunza stoo amuulize. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza hakusema ananiamini wala haniamini. Alisema, "Mtoto ana njaa."

Nilivuka barabara mbio hadi dukani nikanunua maji ya chupa, kubwa, yenye lakiri. Niliporudi alikuwa amefungua dirisha kiasi cha kupitisha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona uso. Midomo ilikuwa imevimba na kuwa myekundu, na amemfunga mtoto mgongoni kwa shuka, kakaza mafundo mawili, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani kwake, mdomo wazi, anakoroma. Nililia upya kwa lile koromo.

Nikampa chupa. Aliipokea, akaigeuza juu chini. Akaibinya kwa viganja viwili, akatazama kama panavuja. Akakagua lakiri kwa ukucha, mzunguko mzima, polepole. Kisha akaifungua mwenyewe, akaninyooshea kupitia dirishani.

"Kunywa kwanza wewe."

Nikanywa. Hakutazama chupa, alinitazama koo mpaka akaona maji yameteremka. Akasubiri. Mimi nikasimama pale uani mbele ya mke wa kaka yangu nikisubiri naye, kama kwamba hata mimi sikuwa na hakika nitapona. Barabarani injini ya boza ilikuwa bado inanguruma na watu wameanza kupiga honi nipishe. Baada ya muda akachukua chupa, akafunga dirisha, na baadaye kidogo nikasikia mtoto ananyonya.

Hayo yamepita, sasa ni mwaka na nusu. Kaka alizungumza na mtunza stoo, alizungumza na msimamizi, akarudi akasema ni ajali, na wifi akasema sawa. Koki za nyuma za maboza yote zimetiwa kufuli. Dawa yenyewe ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Barabara imetulia, madirisha ya mtaa mzima yako wazi mchana kutwa, na mtoto hajakohoa tangu masika. Mimi na wifi tunaongea, tunataniana hata, ila kwa tahadhari, tukichagua maneno.

Ila chochote nikileta nyumbani, kiwe maziwa au ndizi, wifi hukiweka mezani akajishughulisha na kitu kingine mpaka anione nimekionja. Hajawahi kuniambia nionje. Na mimi huonja bila kuambiwa, kila siku.

Mtoto sasa anatembea na kuzungumza maneno mawili matatu. Amekua akituona tukifanya hivyo, na bila shaka anadhani ndivyo watu wanavyokula. Nikirudi kazini huja mbio na kikombe chake kwa mikono miwili, nusu kikimwagika, hajanywa hata funda. Hukiinua mpaka mdomoni kwangu na kusema, "Shangazi kwanza," kisha hunitazama koo.